Rangi za Mezani: Sikukuu, Kitambaa na Majina ya Rangi katika Kiswahili



Mihadhara ya hadhara kuhusu taaluma za Kiswahili kwa kawaida huhusu ushairi, sarufi au historia ya usanifishaji. Jioni hii nitazungumzia sarufi pia, ila nitaiingilia kwa mlango wa jikoni. Mada yangu ni upambaji wa meza ya sikukuu kwa rangi zisizozoeleka. Mama mwenye nyumba anaamua kwamba mwaka huu meza yake ya Krismasi haitakuwa nyekundu na kijani, au kwamba kitambaa cheupe cha Idi kitabaki kabatini. Kiswahili kinampa maneno gani ya kuutamkia uamuzi huo? Na je, maneno hayo yanamtosha?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ingieni katika duka la mapambo ya sherehe Dar es Salaam au Mombasa, msikilize jinsi mteja na mpambaji wanavyopatana. Mtasikia pichi, maruni, krimu na pinki. Kisha, maneno yakiisha, mtaona kipande cha kitambaa kikitolewa mkobani na kuwekwa mbele ya fundi: "Nataka kama hii." Wapo wanaolitazama jambo hilo na kuhitimisha kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi, na kwamba anayetaka kupamba meza kwa namna mpya sharti aazime msamiati wa wengine. Mimi nasema kwamba "nataka kama hii" ndiyo njia ya Kiswahili yenyewe ya kutaja rangi, na kwamba umaskini unaodaiwa uko katika vitabu vyetu, si katika vinywa vya wasemaji.

Mizizi mitatu

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyorithiwa kutoka katika asili yake ya Kibantu, navyo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Vitatu hivi huvaa sare ya ngeli ya nomino vinayoisifu: kitambaa cheupe, vitambaa vyeupe, maua meupe, meza nyeupe, mshumaa mweupe. Vinazaa pia majina dhahania bila taabu: weupe, weusi, wekundu. Rangi nyingine zote hazivai sare hiyo. Tunasema kitambaa cha kijani, maua ya zambarau, mshumaa wa manjano, na kiunganishi -a ndicho kinachobeba upatanisho huku jina la rangi likibaki kama lilivyo.

Mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay, wataalamu wa Marekani, walichapisha kitabu chao kuhusu istilahi za msingi za rangi katika lugha za dunia. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha ishirini ambazo wazungumzaji wake waliulizwa moja kwa moja. Walidai kwamba lugha huongeza majina ya rangi kwa mfuatano: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, halafu kijani au manjano, na kuendelea. Ni haki kukiri kwamba mizizi yetu mitatu inakubaliana na ngazi za mwanzo za mfuatano huo kana kwamba ulitungwa kwa ajili yetu.

Ugomvi wangu uko kwenye kigezo kimoja cha ziada. Berlin na Kay walisema kwamba neno la rangi ambalo pia ni jina la kitu chenye rangi hiyo ni la kutiliwa shaka kama istilahi ya msingi. Walitoa mfano wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya dhahabu, fedha na majivu. Tukikitumia kigezo hiki kwa ukali katika Kiswahili, tunafuta karibu kila kitu. Kijani kinatokana na jani, na kwa Kiswahili cha kaskazini rangi hiyo huitwa chanikiwiti, yaani jani bichi. Kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, na manjano ni kile kiungo cha jikoni. Zambarau na chungwa ni matunda, waridi ni ua. Hata samawati, iliyotujia kutoka Kiarabu, asili yake ni mbingu. Hudhurungi ilikuwa kwanza jina la kitambaa cha kushonea kanzu. Ajabu ni kwamba neno la Kiingereza la rangi ya chungwa, ambalo nalo ni jina la tunda, lilipita katika orodha yao kwa kutimiza vigezo vingine. Chungwa letu halina dhambi yoyote ambayo la kwao halina.

Chungwa la Muheza

Naomba tulitazame chungwa hilo kwa makini, maana ndilo shahidi wangu mkuu. Muheza, mkoani Tanga, ni eneo lenye sifa ya machungwa. Chungwa la Muheza lililoiva vizuri, tamu, lenye maji tele, aghalabu lina ganda la kijani, au kijani kilichochanganyika na manjano. Katika nyanda za joto, ambako usiku haupoi vya kutosha, ganda la chungwa halipotezi ukijani wake kama lifanyavyo katika nchi zenye baridi. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anayesema "kitambaa cha rangi ya chungwa" hataji rangi anayoiona sokoni. Angekuwa anataja ganda alilolimenya asubuhi, tungelazimika kumletea kitambaa cha kijani, na hakuna mwenye duka anayefanya kosa hilo. Jina limeachana na tunda lake. Limekuwa jina la rangi kamili, linaloeleweka na mtoto na mtu mzima, ingawa bado linavaa ganda la zamani.

Hali ni hiyohiyo kwa kahawia. Kahawa ghafi ni ya kijani kilichopauka, na kahawa chungu ndani ya kikombe cha mzee wa barazani ni nyeusi. Kahawia ipo mahali fulani katikati, katika kukaanga na kusaga. Nayo zambarau iliyoiva inakaribia weusi kabisa. Rangi tunayoiita kwa jina lake ni ile inayobaki ulimini na kwenye nguo ya mtoto aliyeila.

Aidha, si majina tu yaliyotoka jikoni. Tazameni maneno tunayotumia kupima nguvu ya rangi. Rangi nzito imekolea, kama chumvi inavyokolea katika mchuzi. Rangi inayochoma macho ni kali, kama pilipili. Rangi isiyopiga kelele imepoa, kama chai. Mpambaji anayesema "zambarau iliyokolea na manjano iliyopoa" amesema jambo lenye usahihi mkubwa bila kuazima hata silabi moja, na amelisema kwa lugha ambayo mpishi wa sikukuu hiyo anaielewa vilevile. Sijui kwa nini vitabu vyetu vya shule hufundisha rangi kwa kuonyesha chati ya miraba kumi na miwili na kuishia hapo, wakati vitenzi hivi vipo na vinafanya kazi kila siku.

Lugha imetoa jikoni hata rangi za watu. Mtu wa rangi ya wastani tunamwita maji ya kunde. Ndiyo yale maji yanayobaki chunguni kunde zikishachemka. Na ile rangi ambayo wapambaji wa leo huiita maruni ina jina lake la mtaani, damu ya mzee, lenye uchungu na ucheshi ndani yake, ingawa nakubali kwamba si kila mama angependa kulisikia likitajwa mbele ya pilau.

Mazoea yalitoka wapi

Kabla ya kuyavunja mazoea, yafaa tujue ni ya nani. Neno meza lenyewe lilitujia na Wareno. Kabla yake, na kwa muda mrefu pamoja nalo, chakula cha sikukuu katika pwani kiliandaliwa juu ya mkeka au busati, kwenye sinia, kikafunikwa kwa kawa. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi jamaa wa jumba la Mtoni, Unguja, walivyoketi chini kuzunguka ubao mrefu ulioinuka kidogo tu kutoka sakafuni. Rangi katika maandalizi kama hayo haikuwa ya kitambaa kilichofunika mbao. Ilikuwa katika ukindu uliotiwa rangi na kusukwa mkeka na kawa, katika vyombo, na katika chakula chenyewe: punje za biriani zilizoguswa na zafarani kati ya punje nyeupe, weusi wa tende, kachumbari yenye nyekundu, nyeupe na kijani katika bakuli moja.

Na vyombo vya fahari? Mwenye kuisoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anakumbuka vidaka vya nyumba za Pate, vilivyokuwa na sahani za kaure na sasa vimekuwa makao ya ndege. Kaure nyingi za Kichina zilizofika pwani yetu zilikuwa za buluu juu ya weupe. Anayepamba meza yake ya Idi kwa buluu na nyeupe huambiwa siku hizi kwamba ameleta jambo geni. Ugeni gani huo? Rangi hizo zilikaa katika kuta za matajiri wa Pate na Lamu kabla meza zenyewe hazijaenea.

Nyekundu na kijani za Krismasi zilikuja kwa njia nyingine. Ulaya ya kaskazini, katikati ya baridi, miti mingi imepukutisha majani, isipokuwa michache inayobaki ya kijani. Mmojawapo huzaa vitunda vyekundu, na matawi yake hupamba nyumba. Rangi hizo mbili zilitokana na kile kilichopatikana msituni wakati wa uhaba wa rangi. Kwetu Desemba ni kaskazi, joto na wingi: maembe, mananasi, shokishoki. Mkrismasi, ule mti wenye asili ya Bukini, huwaka maua mekundu juu ya majani ya kijani wakati huohuo, kana kwamba umepokea maagizo kutoka ng'ambo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba nyekundu na kijani ni rangi za kigeni Dar es Salaam mwezi wa Desemba. Ninachosema ni kwamba kwetu ni mbili kati ya nyingi, ilhali kule zilikuwa karibu zote zilizokuwapo.

Idi nayo ina hali ya pekee. Kwa kuwa kalenda yake ni ya mwezi mwandamo, Idi hutangulia kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa jua, na huzunguka majira yote katika miaka kama thelathini na mitatu. Mtu mmoja katika maisha yake huila Idi wakati wa maembe na wakati wa masika, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Sikukuu ya namna hiyo haiwezi kukopa rangi zake kwa msimu. Ndiyo maana rangi za Idi zimeshikamana zaidi na nguo na vyombo kuliko na matunda au maua, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, Idi inampa mpambaji uhuru mkubwa kuliko anavyodhani.

Meza ya zambarau na manjano

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama mmoja, tuseme wa Dar es Salaam, anataka meza ya Krismasi ya zambarau na manjano. Kitambaa kikubwa ni cha zambarau iliyokolea. Leso za kufutia mikono ni za manjano. Sahani ni nyeupe, na bakuli la katikati limejaa maembe mabivu na ndimu.

Jambo la kwanza ni kwamba uchaguzi huu haukwenda mbali na mazoea kama unavyoonekana. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1839 jinsi rangi mbili zilizowekwa bega kwa bega zinavyobadilishana sura machoni petu. Katika gurudumu la rangi la wachoraji, nyekundu inatazamana na kijani, na manjano inatazamana na zambarau. Rangi zinazotazamana huzidishiana nguvu. Mama wa mfano wetu amebadilisha jozi, lakini hakubadilisha uhusiano uliomo ndani ya jozi, na pengine hiyo ndiyo sababu meza yake bado inaonekana ya sikukuu wakati meza ya kijivu na kahawia isingeonekana hivyo.

Jambo la pili ni la vitendo. Chakula kina rangi zake, na hakimwombi mpambaji ruhusa. Pilau ni ya kahawia, kwa sababu ya vitunguu vilivyokaangwa hadi vikaiva sana. Juu ya sahani nyeupe iliyokaa kwenye zambarau inapendeza. Biriani yenye zafarani ikiwekwa katika sahani ya manjano hupotea. Ndiyo maana sahani nyeupe ni za lazima hapa, na mwenye kupanga kila kitu kwa rangi mbili tu, sahani na bilauri pamoja, hugundua wakati wa kupakua kwamba amemshinda mpishi wake mwenyewe.

Jambo la tatu linaturudisha kwenye lugha, nalo ndilo lililonivutia zaidi. Zimeni taa za umeme, muwashe mishumaa. Mwanga wa mshumaa una manjano na wekundu mwingi na buluu kidogo sana. Leso za manjano zitang'aa kama nyeupe. Kitambaa cha zambarau iliyokolea kitaonekana cheusi, na mgeni aliyechelewa kufika atasema kwa moyo safi, "Mbona mmetandika kitambaa cheusi?" Hakusema uongo. Katika mwanga hafifu, meza yote imerudi kwenye mizizi yetu mitatu: nyeupe ya leso, nyeusi ya kitambaa, nyekundu ya ndimi za moto. Ndivyo pia kaniki, nguo iliyotiwa nili hadi ikaiva, ilivyoitwa nyeusi kwa vizazi, ijapokuwa juani buluu yake inaonekana. Kivumishi -eusi hakikuwahi kuwa na mpaka mwembamba kama ule wa chati za shule. Kilikusanya kila kilichokuwa kizito na chenye giza, kama -ekundu kilivyokusanya udongo, kutu na ngozi ya mtu.

Jambo la nne mama huyu ataambiwa na katekista wake. Katika makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia, yakiwemo ya Kikatoliki na mengi ya Kilutheri, zambarau ni rangi ya Majilio na Kwaresima, nyakati za kujiandaa na za toba, na Krismasi yenyewe ni nyeupe. Meza ya zambarau tarehe 25 Desemba inaweza kusomeka kana kwamba Majilio hayajaisha nyumbani kwake. Sisemi aiache. Nasema ajue kwamba atakuwa amesema jambo, na kwamba manjano na nyeupe zikizidi kidogo zitasaidia kulijibu.

Rangi zina wenyewe

Katekista si msomaji pekee. Akibadili nia na kupamba kwa kijani na manjano, wageni wa Dar es Salaam watauliza kama Yanga imeshinda. Na akichagua nyekundu na nyeupe, upande wa pili wa ukoo utashangilia Simba. Wengine wataiona katika kijani na manjano bendera ya chama kinachotawala. Nchini Kenya, kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 ilitumia alama mbili, ndizi kwa wanaokubali na chungwa kwa wanaokataa. Chungwa lilishinda, na vuguvugu lililozaliwa humo likachukua jina la tunda hilo. Krismasi ilifuata wiki tano baadaye. Mnaweza kufikiri mwenyewe aliyetandika kitambaa cha rangi ya chungwa mwezi ule alijibishana na nani juu ya kuku. Hapo, wataalamu wa isimu, tunda, rangi na msimamo wa kisiasa vilikaa katika neno moja bila kumchanganya yeyote.

Kanga mezani

Nimebakiza kanga kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata rangi zisizozoeleka kwa gharama ndogo. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama mita moja na nusu. Vikiunganishwa vinafunika meza ya watu wanane. Pindo huwa fremu, mji huwa uwanja wa sahani. Kanga huthubutu rangi ambazo mshona vitambaa vya meza hathubutu: waridi na kijani, chungwa na zambarau, buluu na kahawia.

Lakini kanga ina jina. Anayetandika kanga mezani ametandika sentensi, na wageni wataisoma wakisubiri chakula. Kanga yenye "Mgeni njoo mwenyeji apone" haina tatizo. Kanga nyingi, kama tujuavyo, zilinunuliwa kwa ajili ya jirani au mke mwenza, na fumbo lililokusudiwa mtu mmoja litakapowekwa mbele ya wageni kumi, kila mmoja atajiuliza kama ni yeye. Rangi inaweza kuwa sahihi kabisa na sikukuu ikaharibika kwa maneno sita. Kuna pia suala la upande: jina husomeka vizuri kwa waliokaa upande mmoja, na kwa wale wa mkabala limepinduka. Nimewahi kuona mwenye nyumba akilitumia hilo kwa ustadi, akamkalisha mkwewe upande ambao jina lilisimama wima.

Je, kanga ifae meza hata kidogo? Wapo wanaoona si adabu kulaza chini ya chakula nguo inayovaliwa mwilini. Hoja yao siidharau. Kwa maoni yangu kanga mpya, isiyovaliwa, haina ubaya, isipokuwa kisutu. Kisutu, kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe yake, ni kanga ya bibi harusi katika sehemu nyingi za pwani. Ina kazi yake na siku yake, na inabeba zile rangi tatu za mizizi kwa namna ambayo hakuna nguo nyingine inayobeba. Tusiimwagie mchuzi. Tena kanga mpya isiyofuliwa huchuja rangi ikiloweshwa, na hakuna kinachoharibu meza ya waridi na kijani kama bilauri moja ya maji iliyopinduka.

Kazi iliyo mbele yetu

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na kamusi kadhaa zimefuata, Tanzania na Kenya. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Hata hivyo kamusi zetu, zinapofika kwenye rangi, aghalabu huridhika na kueleza tunda au kiungo kwanza, kisha kuongeza kwamba ni rangi ya kitu hicho. Kwa chungwa, maelezo hayo yanampotosha mwanafunzi wa Muheza moja kwa moja. Nashauri fasili ya rangi isimame yenyewe, na mifano yake itolewe katika nguo, kuta na vyombo.

Kuhusu maneno ya mkopo, sina ugomvi nayo kwa kuwa tu ni ya mkopo. Samawati ni ya mkopo, waridi ni ya mkopo, buluu ni ya mkopo, na meza tunayoipamba ni ya mkopo. Pichi ikidumu, na iandikwe. Ninachokataa ni kuandika pichi na kuacha maji ya kunde. Kuandika maruni na kuacha damu ya mzee. Kufundisha kijani bila chanikiwiti. Kufundisha majina yote bila kukolea, kupoa, kupauka, kufifia na kuchuja.

Wanafunzi wa shahada ya uzamili mliopo hapa mnatafuta mada. Nendeni kwa wasusi wa mikeka wa Pemba mkaulize wanaitaje kila rangi wanayoitia ukindu, kabla na baada ya kuichovya. Nendeni kwa wauza kanga mkaulize wanavyomweleza mteja kwa simu kanga asiyoiona. Kaeni na wapambaji wa kumbi wiki moja kabla ya Krismasi na wiki moja kabla ya Idi, mwandike kila neno, pamoja na yale yanayofuatwa na kipande cha kitambaa. Fanyeni hivyo mchana, na mrudi tena taa zikishawashwa.